Shahidi wa Pili

Tuanze na karatasi, Royce.
Mapenzi yatatukuta njiani.

Nimeandika nyuma ya pakiti ya mbegu za karoti:
leseni, kibali, jaji, mashahidi wawili,
saa za maji kupwa na kujaa,
soksi kavu.
Wewe ukaongeza kwa penseli: sandwichi.

Ofisi ya kaunti, Port Angeles, dirisha la mwisho.
Karani anauliza kama tuliwahi kufunga ndoa.
Mara moja, nasema. Alifariki.
Mara mbili, unasema wewe. Wote wazima, tena wamenenepa.
Karani hacheki. Anagonga mhuri.
Msubiri siku tatu, anasema, ndiyo sheria.
Zikipita sitini, hii ni karatasi ya kuwashia moto.
Siku tatu!
Nina miaka sitini na sita.
Nilidhani kungoja nimeshamaliza.

Kibali cha hifadhi nacho kina maswali yake.
Mtakuwa wangapi? Watano, jaji ndani.
Viti? Hapana. Tao la maua? Hapana.
Msirushe mchele. Msichume. Msifunge utepe mtini.
Nikatia sahihi kwa furaha isiyo na adabu,
nikimfikiria Shawna, binti yangu,
na hema lake la watu mia mbili,
na vitambaa vya meza anavyonichagulia rangi,
na ukumbi alioutolea arubuni kabla hajaniuliza.
Nampenda mno mwanangu.
Ndiyo maana natoroka.

Wengine hutoroka usiku, viatu mkononi.
Sisi tumetoka saa mbili asubuhi,
paka kalishwa, jiko limezimwa, umerudi kuhakikisha,
tukashika barabara kuu kwa mwendo ulioruhusiwa.

Pwani ya Rialto.
Mvua ile isiyonyesha wala kuacha.
Magogo meupe, makubwa kama mabasi,
bahari imeyatapika na kuyasahau.
Jaji mstaafu Lindqvist amevaa buti za mpira,
joho amelikunja ndani ya mfuko wa taka.
Yupo kaka yako Wendell, ameshaanza kulia.
Gail hayupo.
Simu haina mtandao.
(Baadaye tulijua: tairi, kando ya Ziwa Crescent.)
Tukangoja. Maji nayo yakaanza kurudi,
yakilamba changarawe kwa sauti ya mtu anayehesabu sarafu.

Bila shahidi wa pili, akasema jaji,
haya yatakuwa maneno matamu tu.

Ndipo akapita mwanamke na ndoo,
anaokota vipande vya nyavu na maboya yaliyopasuka.
Ukamkimbilia, Royce, wewe na goti lako.
Nishuhudie nini hasa? akauliza.
Kwamba tumekubali, kwa hiari yetu, bila kushurutishwa.
Akakutazama unavyohema.
Akanitazama mimi, nywele zimenigandia usoni.
Hilo, akasema, nimeliona tangu kule kwenye magogo.

Akatua ndoo. Akafuta mikono kwenye suruali.
Tukasema tuliyoyasema; hayo hayakuhitaji kibali.
Mgongo wa Wendell ukawa meza,
mwavuli wa jaji ukawa paa,
kalamu ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali.
Odalys Renfro, aliandika, kwa herufi za kusimama.
Nililisoma jina lile mara mbili.
Akachukua ndoo yake, akaendelea na kazi,
na ndoa yetu imeshikwa upande mmoja
na mkono ule uliokuwa baridi kama samaki.

Garini umekula sandwichi zote mbili.
Sikukugombeza. Mume wangu.
Karatasi anayo jaji, ataifikisha mwenyewe;
mimi nina mchanga kwenye soksi kavu.

Juu ya kilima simu ikafufuka.
Jumbe kumi na moja, zote za Shawna.
Wa mwisho: Mama, kijani au samawati? Wanataka jibu leo.

Kidole changu kiko juu ya jina lake.
Kona ya kwanza. Kona ya pili.
Royce,
punguza mwendo kidogo.